Nimepata nafasi ya mwaka mmoja kufundisha sheria vijijini: somo la kwanza la ardhi nilipangeje?

mgeni_kilosa

Habari za kazi wakuu. Nimepata nafasi kwenye programu ya mwaka mmoja inayowapeleka mawakili vijana vijijini kutoa elimu ya sheria kwa jamii. Kituo changu ni Kilosa, Morogoro. Hadidu za rejea (maelezo ya kazi yangu) zinanipa kazi tatu: kufundisha wananchi katika vijiji sita, kuwanoa wasaidizi wa kisheria (wanaojitolea, si mawakili) wa kata za vijiji hivyo, na baadaye kusimamia wanafunzi wanne wa shahada ya sheria watakaokuja kufundisha wakati wa likizo ndefu.

Mada ya kwanza ni migogoro ya ardhi. Rasimu yangu inaanzia Ibara ya 24 ya Katiba (haki ya kumiliki mali), inapitia Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za 1999, na inamalizia na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002. Msimamizi kaiona, kasema hilo ni somo la chuo, nilipange upya. Naomba wenye uzoefu mnisaidie.

Somo la dakika 90 kwa watu ambao baadhi yao hawasomi hupangwa vipi? Mtu akiuliza kuhusu kesi yake mbele ya wote, nijibu au ninyamaze, na wakili ana mipaka gani hapo? Nitajuaje kama wameelewa, maana ripoti inatakiwa kila robo mwaka? Na ni vitu gani huharibika kwenye kazi hii bila kuandikwa kwenye hadidu za rejea?

Natanguliza shukrani.

mwezeshaji_moro

Hongera kwa nafasi, wakili. Msimamizi wako amesema kweli. Rasimu yako imefuata mtiririko wa sheria, na mwananchi anakuja na uamuzi unaomkabili. Jirani kasogeza mpaka: nianzie kwa nani, nibebe nini, nina muda gani, itanigharimu nini, na nikikwama hapo naenda wapi? Maswali hayo matano ndiyo somo lenyewe. Ibara ya 24 ibaki kwenye daftari lako, itoe pale tu atakapouliza mtu.

Somo moja libebe uamuzi mmoja. Kwa mpaka wa shamba, tunga kisa cha sentensi tano au sita na ukisimulie kwa mdomo mara mbili: Bi Mwajuma ana ekari tatu, amelima hapo miaka minane, jirani ameng'oa mkonge uliokuwa alama ya mpaka na kupanda mahindi hatua kumi ndani ya shamba lake, mwenyekiti wa kijiji amemwambia asubiri. Basi. Usimfanye Bi Mwajuma kuwa mjane na usimweke shemeji kwenye kisa. Ukifanya hivyo darasa zima litahamia kwenye mirathi, na muda utakwisha hujafika Baraza la Kata. Mirathi ina somo lake, tena refu zaidi ya hili.

Muda ugawe hivi: kisa dakika 10, makundi 15, mrejesho wa makundi 10, maelezo yako 20, igizo dhima 20, marudio 10, na 5 za mwisho kutangaza utapatikana wapi na lini. Darasa lisizidi watu 30, makundi yawe ya watu watano au sita. Wanawake wapate makundi yao. Kwenye makundi ya mchanganyiko mara nyingi mzee mmoja hujibu kwa niaba ya wote, na wewe unabaki unadhani umesikia sauti ya watu sita. Kazi ya kundi iwe swali moja tu: kesho asubuhi Bi Mwajuma anaanzia wapi?

Makundi yakirudisha majibu usiwe na haraka ya kusahihisha. Weka yote kwenye bango kitita (karatasi kubwa za kubandika), kwa michoro kama wengi hawasomi. Utasikia polisi, mwenyekiti, mkuu wa wilaya, mwingine atasema mganga. Sasa umejua walipopotea, na zile dakika 20 zako zitaelekezwa hapo hapo. Ndani ya dakika hizo chora njia: ofisi ya kijiji, ofisi ya kata, jengo la wilaya, Mahakama Kuu. Kwenye kila kituo eleza mambo matatu tu: kina uwezo gani, kina siku ngapi, na mtu anatoka hapo na karatasi gani mkononi.

Igizo dhima liwe kikao cha usuluhishi cha kata. Waigizaji ni mlalamikaji, mlalamikiwa, wajumbe na katibu. Wanaobaki wape kazi ya kutazama: kuna aliyekatizwa? Kuna aliyebembelezwa asaini asichokubali? Katibu ameandika tarehe? Igizo lisilo na watazamaji wenye kazi hugeuka burudani, watu wanacheka vizuri sana na hawaondoki na kitu.

Slaidi acha kabisa. Hata palipo na umeme, jua la saa tisa alasiri linaufuta ukuta. Beba karatasi za bango kitita 10, maka peni za rangi tatu, gundi ya karatasi, kamba ya mita 20 (ya kuonyesha mpaka kwenye igizo, na watu wanaipenda), na nakala za nyaraka halisi zilizofutwa majina: fomu ya malalamiko, hati ya wito, cheti cha kushindikana usuluhishi, Hati ya Hakimiliki ya Kimila (hati ya kumiliki ardhi ya kijiji). Mtu aliyewahi kuishika karatasi kwa mkono wake ataitambua siku akiihitaji.

Kuhusu ratiba: Machi hadi Mei watu wako shambani asubuhi mpaka mchana, kwa hiyo panga kuanzia saa tisa. Siku ya gulio usipange kitu. Na mkutano mkuu wa kijiji, ule unaotakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, usiugeuze darasa. Omba dakika 15 ujitambulishe, utangaze masomo, ukae chini. Mle ndani kuna ajenda za mapato na matumizi na watu wamekuja na hasira zao. Elimu inayopenyezwa katikati ya hasira inageuzwa silaha ya kumpiga mwenyekiti, na baada ya hapo hupewi ukumbi.

karani_barazani

Mwezeshaji amemaliza upande wa ufundishaji. Mimi nasemea maudhui, kwa sababu elimu ya sheria iliyopitwa na wakati inamuumiza mtu kuliko kutokuwa na elimu.

Mabango na vijitabu vingi vilivyopo kwenye ofisi za kata viliandikwa kabla ya 2021. Vinasema Baraza la Kata linaamua mgogoro wa ardhi wenye thamani isiyozidi shilingi milioni tatu. Hayo yamekwisha. Marekebisho ya 2021 yaliliondolea Baraza la Kata mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi na kulibakizia usuluhishi peke yake. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri la umiliki au maslahi katika ardhi mpaka kuwe na cheti cha Baraza la Kata kwamba usuluhishi umeshindikana. Ila siku 30 zikipita tangu mgogoro ufikishwe kata bila kusuluhishwa, mlalamikaji anaweza kwenda wilayani bila cheti hicho.

Sasa angalia kinachotokea. Baraza halikai kwa sababu wajumbe hawajatimia, mlalamikaji anasubiri miezi, kisha anakwenda wilayani na hana cha kuonyesha kwamba zile siku 30 zilianza lini. Kwa hiyo kitu kimoja ambacho darasa lako lote liondoke nacho ni hiki: peleka malalamiko kwa maandishi, nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Asiyejua kuandika aandikiwe, aweke dole gumba, jina la aliyemwandikia litajwe. Ukifundisha hilo peke yake na wakalishika, umefanya kazi.

Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Wanapendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuthibitishwa na mkutano mkuu. Nalo linasuluhisha tu. Kabla ya somo muulize mtendaji wa kijiji: baraza lipo? Majina yako wapi? Lilikaa mwisho lini? Vijiji vingi vina baraza kwenye karatasi. Ukiwatuma watu kwenye chombo kisichokaa, wiki ya pili hawatakuamini tena.

Juu ya hapo: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linasikiliza madai ya kurejesha ardhi au nyumba yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Asiyeridhika na uamuzi wake wa shauri lililoanzia pale anakata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Huo ukomo ufundishe kwa uangalifu. Ukisema tu "miaka 12", nusu ya darasa itaelewa kwamba aliyekaa miaka 12 kwenye shamba la mtu amelipata. Aliyekaa kwa ruhusa, mpangaji, au ndugu aliyeachiwa alime, hahesabiwi hivyo. Toa mifano miwili inayopingana, uwaulize wenyewe ipi ni ipi.

Jambo jingine la kusisitiza ni muhuri wa mwenyekiti. Watu wanaamini mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya mwenyekiti umekamilika. Kwa ardhi ya kijiji, kuhamisha hakimiliki ya kimila kunahitaji kibali cha halmashauri ya kijiji, yaani kikao chenye muhtasari. Saini ya mtu mmoja haitoshi hata kama ana muhuri. Na halmashauri yenyewe haigawi ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Wafundishe kuomba nakala ya muhtasari, na kuangalia kama shamba wanalonunua limetajwa humo kwa majirani na vipimo.

Kwa Kilosa kuna hili la wakulima na wafugaji. Tenganisha mambo mawili kabla mjadala haujachemka. Ng'ombe kula mahindi ni dai la fidia ya uharibifu. Kinachotakiwa pale ni tathmini ya afisa ugani ikiwezekana siku hiyo hiyo, picha, mashahidi, kisha mahakama ya mwanzo kama hamkupatana. Nani ana haki ya kulisha au kulima eneo fulani ni suala la mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji na mipaka ya kijiji. Ukiyachanganya, mwenye mahindi atafungua shauri la ardhi lisilo lake na miezi sita baadaye mahindi hayapo na ushahidi haupo. Somo hili wafugaji na wakulima wakae pamoja tu kama viongozi wa pande zote wamekubali. La sivyo, fundisha kila upande peke yake kwa maneno yale yale.

Mwisho, usiandike namba za vifungu kwenye vipeperushi. Toleo la Urekebu la 2023 la sheria za nchi lilianza kutumika Julai 2025 na baadhi ya namba zimehama. Andika kanuni yenyewe kwa Kiswahili cha kawaida, namba ziwe kwenye andalio lako la somo, na kila robo mwaka zihakikishe upya.

wakili_msimamizi

Wakili msomi, swali lako la mipaka ni zito. Nitalijibu kwa kirefu.

Mbele ya darasa usijibu kesi ya mtu. Kuna sababu tatu. Kwanza, upande wa pili wa mgogoro huo mara nyingi umekaa safu ya nyuma, au mke wake yupo, au mwanawe. Pili, alichosema mtu hadharani kinaweza kutumiwa dhidi yake baadaye. Tatu, umesikia upande mmoja tu, na ukisema "hapo una haki" maneno hayo yatafika barazani kabla ya wewe kurudi nyumbani: "wakili wa mradi amesema shamba ni langu."

Namna ya kujibu: lichukue swali, liondolee majina, ligeuze liwe la wote. "Tuseme mtu amepewa barua ya kuondoka kwenye shamba, hatua ya kwanza ni ipi?" Kisha mwambie aliyeuliza akuone baada ya somo, na hapo kazi yako ni kumwelekeza. Uwe na orodha ya rufaa, yaani mahali pa kumwelekeza mtu, yenye majina ya ofisi na namba za simu ulizozijaribu mwenyewe: msaidizi wa kisheria wa kata, mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa wilayani, ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, Baraza la Ardhi na Nyumba. Mpe majina zaidi ya moja pale inapowezekana, achague mwenyewe.

Usichukue kesi ya mshiriki wa darasa kwa malipo, wala usigawe kadi zako za kazi. Kanuni za maadili ya mawakili zinakataza kutafuta wateja, na darasa la bure linaloishia ofisini kwako litaonekana hivyo hata kama nia yako ni njema. Kuna pia mgongano wa maslahi. Ndani ya vijiji sita utafundisha pande zote mbili za karibu kila mgogoro. Ukimshauri mmoja faraghani kwa undani, mwingine umemfungia mlango. Muulize mwajiri wako kwa maandishi, mapema, kama programu inakuruhusu kuwakilisha mtu yeyote, na kama cheti chako cha uwakili kitahuishwa kwa gharama ya nani mwezi Januari. Hili la pili vijana husahau, halafu mwezi wa pili jina halimo kwenye orodha ya mawakili hai.

Kwa wasaidizi wa kisheria, simama kwenye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Inawapa nafasi ya kuelimisha, kuelekeza watu kwenye chombo sahihi, kuwasaidia kufuata taratibu na kuhimiza mapatano. Haiwaruhusu kutoza fedha wala kumwakilisha mtu mahakamani. Vishawishi ni vikubwa, kwa kuwa wanajitolea na nauli wanatoa mfukoni. Kwa hiyo kwenye bajeti yako weka nauli zao na daftari kabla ya fulana na mabango. Na hakikisha taasisi yako yenyewe imesajiliwa kama mtoa msaada wa kisheria. Omba nakala ya cheti, ibebe.

Utaratibu wa kuingia: barua ya utambulisho ianzie kwa Katibu Tawala wa Wilaya na Mkurugenzi wa Halmashauri, ishuke kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji, na mwenyekiti aonyeshwe. Afisa Maendeleo ya Jamii apewe nakala. Nenda nayo mwenyewe, usiitume. Hatua moja ikirukwa, mkutano unavunjwa ukiwa katikati. Wakati wa kampeni za uchaguzi simamisha masomo ya hadhara, hata kama umeruhusiwa.

Posho pia iseme mapema. Watu wamezoea semina za kusaini na kulipwa. Tangaza tangu siku ya kwanza kuwa kuna maji na chai, hakuna posho. Anayetoka mbali na amealikwa kwa jina, mrudishie nauli kwa kiwango kimoja kilichobandikwa ukutani. Ukilipa kijiji kimoja na kuacha kingine, habari itakutangulia.

Kuna jambo moja ambalo huja bila kualikwa. Kwenye somo la ardhi au ndoa, mtu atasimama au atakufuata pembeni aeleze kupigwa au kubakwa, wakati mwingine ni mtoto. Lazima ujue la kufanya kabla halijatokea. Aliyebakwa afike kituo cha afya haraka, ndani ya saa 72 kwa sababu ya dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, bila kuoga wala kufua nguo alizovaa. Fomu ya polisi namba tatu ni muhimu kwa ushahidi, lakini uhai wake na dawa vinatangulia. Kwa mtoto, namba 116 ni ya bure. Usimhoji. Msikilize, mpeleke, andika tarehe tu.

Fomu za mahudhurio na picha: tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, jina, namba ya simu na sura ya mtu si vya kutupia kwenye ripoti na mitandao. Omba ridhaa, eleza vitatumika wapi, na asiyetaka kupigwa picha akae upande uliotengwa. Somo la ukatili lisipigwe picha kabisa.

pwani_haki

Salamu kutoka Kilifi. Huku kwetu Kenya sheria ni tofauti lakini ugonjwa ni ule ule: wakili mchanga anakuja kwenye baraza la chifu na kusoma Katiba.

Naunga mkono kufundisha karatasi na siku. Mfano wa huku: shamba la kilimo linauzwa, mnunuzi amelipa, ameanza kulima, hajawahi kusikia habari ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Maombi ya kibali yanatakiwa ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe, la sivyo sheria inayahesabu mauzo hayo kuwa batili. Korti zimewaokoa baadhi ya wanunuzi kwa misingi ya haki, ila hakuna anayestahili kufundishwa kutegemea huruma ya korti. Somo letu la hilo lina mchoro mmoja tu, kalenda ya miezi sita, na washiriki wanaweka mawe juu ya kila mwezi: mkataba, ridhaa ya mke au mume, maombi, kikao cha bodi. Hakuna anayeandika chochote na wanakumbuka.

Nyongeza nyingine ni madeni madogo. Korti ya Madai Madogo inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya na inatakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Wenye vibanda na waendesha boda wanalipenda somo hili kuliko la ardhi. Ninyi wa Tanzania Bara mkienda mijini, fikirieni mada ya namna hiyo. Kijana wa mjini hana shamba, ana mshahara uliokwama.

karani_barazani

@pwani_haki umenikumbusha. Kwa Tanzania somo la mjini ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 kufika huko, madai mengine ya kazi siku 60. Wanaopoteza haki ni wale wanaosubiri ahadi ya mwajiri ya "njoo mwisho wa mwezi" mpaka siku zimekwisha. Somo zima linaweza kukaa kwenye kalenda moja ya ukutani.

mgeni_kilosa

Ahsanteni sana. Nimeanza kuandika upya kwa kisa cha Bi Mwajuma na nakala za nyaraka nimeomba kata. Bado mawili: kupima uelewa, na hao wanafunzi wanne. Nikiwaachia darasa, nitawasimamiaje bila kufundisha mimi?

mkufunzi_kliniki

Naingilia hapo kwenye wanafunzi, kisha kipimo.

Mtindo wa wanafunzi wa sheria kufundisha jamii chini ya wakili kijana una historia. Mpango wa Street Law ulianzia Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, 1972, wanafunzi wakifundisha kwenye shule za sekondari za mji ule. Ulifika Chuo Kikuu cha Natal, Durban, mwaka 1986 chini ya David McQuoid-Mason, ukaenea Afrika Kusini wakati watu weusi walikuwa wananyimwa haki hizo hizo walizofundishwa. Kilichoufanya udumu ni nidhamu ya maandalizi: mwanafunzi anaandika andalio, analifundisha kwanza kwa wenzake, anakosolewa, ndipo anaingia darasani, na msimamizi amekaa nyuma anaandika.

Fanya hivyo hivyo. Andalio lisizidi ukurasa mmoja na lianze na sentensi hii: "Mwisho wa somo, mshiriki ataweza..." ikifuatiwa na kitendo kinachoonekana. "Ataelewa haki zake" ikatae, irudishe. "Ataweza kutaja anakoanzia na karatasi anayotakiwa kutoka nayo" inakubalika. Wafanye mazoezi siku mbili kabla, wewe ukiigiza mzee mbishi na mama asiyesema. Wafundishe wawili wawili, mmoja anaongoza na mwingine anashika saa na kutazama nani hajazungumza. Maneno ya kisheria wayataje kwa Kiswahili cha watu: "mdai" na "mdaiwa" yanachanganya masikioni, sema "aliyeshtaki" na "aliyeshtakiwa" hata kama profesa hatapenda.

Wewe kaa nyuma. Ukisimama kusahihisha katikati, darasa litakutazama wewe mpaka mwisho na mwanafunzi amekufa pale. Kubalianeni alama moja: kosa la sheria linaloweza kumpoteza mtu, kama siku za rufaa, unanyoosha mkono kama mshiriki na kuuliza, "Ni siku ngapi, mwalimu?" Akirudia kosa, ndipo unasimama. Makosa ya namna ya kufundisha yasubiri. Mrejesho mpe siku hiyo hiyo, aanze yeye kusema, halafu wewe mambo mawili ya kubaki nayo na mawili ya kubadili. Zaidi ya hapo hakuna kinachoshikika.

Wanafunzi hawatoi ushauri kwa mtu mmoja mmoja. Swali la baada ya darasa linaletwa kwako. Liseme kabla hawajapanda basi.

Kipimo: dodoso la kurasa mbili kwa watu wasiosoma hujazwa na karani wa kijiji kwa wote. Tumia kura ya siri ya punje. Soma hali moja: "Baraza la Kata limekaa kimya siku 40. Bi Mwajuma anaweza kwenda wilayani?" Mahindi ni ndiyo, maharage ni hapana, kila mtu anatumbukiza punje kwenye mtungi nyuma ya pazia. Maswali matano kabla ya somo, matano yale yale baada, mitungi tofauti. Unahesabu, unaandika. Maswali mawili kati ya hayo jibu sahihi liwe "hapana", kwa sababu watu hupenda kukubali mbele ya mgeni. Na usibadilishe maneno ya swali kati ya kabla na baada, hata kidogo, maana hutajua kilichobadilika ni uelewa au ni swali.

Hicho kinapima kumbukumbu ya siku ile. Kipimo cha maana zaidi kiko kwenye ofisi ya kata. Baada ya miezi mitatu, omba ruhusa uangalie rejista ya malalamiko: mangapi yamekuja kwa maandishi, mangapi yana tarehe ya mapokezi, vyeti vingapi vya kushindikana usuluhishi vimetolewa. Chukua hesabu hiyo kabla hujaanza masomo pia, vinginevyo huna cha kulinganisha. Ukiona malalamiko yameongezeka usimwambie mfadhili migogoro imeongezeka. Huenda watu wameanza kuandika yaliyokuwa yanazimwa kwa maneno. Waulize wajumbe wakueleze, uandike maelezo yao kando ya namba.

wakili_msimamizi

Nyongeza ya mwisho kwa mgeni_kilosa. Mwaka ni mfupi, na mwezi wa kumi na mbili ni wa ripoti. Makabidhiano yaanze mwezi wa tisa. Kuanzia hapo kila somo liongozwe na msaidizi wa kisheria wa kata, wewe ukae nyuma kama unavyokaa kwa wanafunzi. Acha sanduku moja kwa kila kata: maandalio yaliyorekebishwa yenye tarehe ya kuhakikiwa, nakala za nyaraka zilizofutwa majina, kamba, mitungi, na orodha ya rufaa. Sanduku likae kwa msaidizi wa kisheria, lisikae kwa mtendaji, kwa kuwa watendaji huhamishwa na ofisi mpya haitajua lina nini. Nakala ya andalio ipelekwe kwa Afisa Maendeleo ya Jamii na isainiwe imepokelewa. Sheria ikibadilika, kama ilivyotokea 2021, mtu wa kupigiwa simu awe anajulikana kwa jina la cheo chake, na karatasi ya zamani itolewe kwenye sanduku na kuchanwa.